Lafudhi Mpya ya Alcide Fuselier

Alcide Fuselier alizaliwa na lafudhi, akaitupa, kisha uzeeni akaenda kuisomea upya. Mtu mwenye akili zake timamu, tunaambiwa.

Aliondoka kwao Mamou, mji mdogo wa Louisiana, akiwa kijana, akaenda Houston kusoma taarifa za foleni za magari redioni. Huko wakamwambia sauti anayo, ila mdomo unanuka matope. Basi akausugua mdomo mpaka ukang'aa. Siku ya harusi yake alimvuta pembeni Nanan Ozite, mama yake wa ubatizo, aliyemlea tangu mama mzazi afariki, akamnong'oneza: "Nanan, wakwe wakikusalimu, wewe tabasamu tu. Usiongee." Bibi wa watu alikuwa ameshona gauni jipya. Alitabasamu mchana kutwa, akarudi kwake, na tangu siku hiyo hakumsemesha tena Alcide wala kumfungulia mlango.

Sasa bwana mkubwa kastaafu, mke kamwacha, karudi Mamou. Anachotaka ni kimoja tu, Nanan amfungulie. Bibi ana miaka themanini na ushee, hatamngoja milele. Wewe na mimi tungekwenda kuomba radhi, yakaisha. Alcide aliona hayo ni mambo ya watu wasio na mipango. Yeye akajiandikisha kwa mwalimu wa lafudhi, kijana wa California anayefundisha waigizaji kwa simu, na ambaye matope ya Louisiana kayaona pichani.

Akili yake ilimtuma kwamba Nanan akisikia anaongea kama watu wa nyumbani, moyo utayeyuka wenyewe. Kila asubuhi akawa anajifungia ndani ya pikapu yake, anabana pua na kukata maneno mikia. Siku moja akaingia buchani kwa Ulysse kuagiza soseji za wali kwa lafudhi hiyo. Ulysse akaweka kisu chini.

"Alcide, jino linakusumbua?"

"Naongea kama sisi, bwana."

"Sisi akina nani? Hata marehemu baba yangu hakuongea hivyo, na alikuwa mlevi."

Hakusikia la mtu. Ikafika Mardi Gras, siku ya mwisho kabla ya Kwaresima, wanaume wakavaa vinyago na kofia zenye ncha, wakapanda farasi kwenda nyumba hadi nyumba kuomba kuku wa kutia kwenye gumbo, mchuzi mzito wa jioni hiyo. Mwenye kinyago hafukuzwi, na hilo ndilo Alcide alilolitegemea. Mwenye nyumba naye hupita akijaribu kuwatambua waombaji, kwa hiyo kila mmoja hubana sauti akalia kama kifaranga. Alcide aliujua mchezo huo tangu utotoni. Lakini mtu kasoma lafudhi miezi yote hiyo, leo aifiche?

Uani kwa Nanan Ozite walipiga magoti matopeni, Alcide akiwemo. Bibi akapita na mkongojo wake, huyu akamtambua kwa viatu, yule kwa kitambi. Akafika kwa Alcide.

"Na wewe unaomba nini?"

Wenzake wote wanalia wii wii. Alcide akasafisha koo, akaitoa lafudhi nzima na madoido yake yote, akaomba kuku mmoja, mnono, kwa hisani ya mama mwenye nyumba.

Nadhani hata farasi waliona aibu.

"Alcide," akasema Nanan.

"Umenijuaje, Nanan?" Lafudhi bado imemng'ang'ania.

"Hapa hakuna mtu anayeongea hivyo."

Wanaume walicheka mpaka mmoja akaegemea farasi asianguke. Nanan hakucheka. "Hiyo sauti unayohangaika kuitafuta nilikuja nayo harusini kwako," akasema. "Ungeniachia tu nifungue mdomo."

Alcide akavua kinyago. Maneno yalipotoka yalitoka na sauti ile ile ya redioni, safi, kila neno limekaa mahali pake.

"Nilikuonea aibu, Nanan. Mbele za watu. Naomba unisamehe."

Mmoja wa waliocheka akaanza kukaza mikanda ya tandiko ambayo haikuwa imelegea.

"Kusamehe bado," akasema Nanan. "Ingia ndani ule. Lakini uongee hivyo hivyo unavyoongea sasa, nipate kumjua ninayemkasirikia."