Jogoo wa Mama Mkwe

Nyumba yetu ya Kaloleni ilikuwa na ua mdogo, na katika ua huo nilikuwa na mpango ambao mume wangu aliuita serikali yangu. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilitaka kuku wa kujiendesha: makoo wachache wanaojua kuatamia, jogoo mmoja asiye wa damu yao, matetea wazuri wabaki, majogoo wadogo waende sufuriani, na jogoo mkuu abadilishwe kabla hajawapanda binti zake. Sikutaka tena kwenda sokoni kutafuta mbegu.

Nasema tena kwa sababu nilishawahi kuwa na kuku, wakaisha. Krismasi moja tulinunua wa kuchinja, tukamwachilia uani alale na wenzake. Kumbe alikuja na kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku banda zima. Asubuhi baada ya asubuhi niliokota mizoga kwa karai, na sioni haya kusema nililia. Tangu hapo nikajiwekea sheria: kuku yeyote mgeni atakaa kwanza ndani ya tenga, nyuma ya choo, mpaka mwezi mzima uishe ndipo achanganyike na wengine.

Kundi jipya lilikua vizuri, kisha mpango ukakwama. Matetea wote walikuwa binti za jogoo wangu, na sikuwa na mwingine.

Hapo ndipo mama mkwe aliposhuka kutoka kwao milimani kuja kututembelea. Mimi ni wa Mata, kule chini Taveta. Yeye alitaka mwanawe aoe milimani, na hakunificha. Alinisalimu vizuri miaka yote, lakini hakuwahi kunipa kitu mkononi. Ndizi, maharagwe, vyote alimkabidhi mwanawe. Siku hiyo aliteremka kwenye basi, akampita mwanawe, akaniwekea mimi jogoo mikononi. Mwekundu, mwenye mkia mweusi.

"Nimesikia unamtafuta," akasema.

Nilifurahi mno. Lakini jioni ilipokaribia furaha ikaingia baridi, maana niliijua sheria yangu. Mume wangu, ambaye alikuwa mtu wa reli na hakupenda ugomvi, alininong'oneza nimwachilie jogoo uani mpaka mama aondoke, kisha nimfunge nitakavyo. Nikamwambia kideri hakingoji mgeni aage. Nikamtia tengani, nikampelekea maji na mtama.

Alfajiri mama mkwe alimsikia akiwika mbali, akamfuata. Nikamkuta amesimama nyuma ya choo, mikono ameifunga kifuani.

"Jogoo wangu ana nini hata umfunge huku?"

"Hana kitu, Mama. Anakaa kando kwanza."

"Kwetu mgeni huingizwa ndani," akasema.

Nilimweleza habari ya kideri, ya karai, ya mizoga. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hiyo ikaniumiza kuliko kama angenigombeza. Alikuwa amekuja kukaa mpaka Jumapili. Aliondoka na basi la mchana huo huo. Mume wangu akanuna, akawa anakula chakula changu kama mtu aliyelazimishwa.

Jogoo hakuwa na kitu. Mwezi ulipoisha nilimfungua, akatembea uani kifua mbele, na msimu huo vifaranga wekundu wakajaa. Sikununua kuku tena. Wa zamani walichinjwa, wapya wakashika nafasi zao, kama nilivyopanga. Nilikuwa sawa, na bado nasema nilikuwa sawa. Lakini kila jogoo yule alipowika, moyo ulinishuka, na mama mkwe hakukanyaga tena Kaloleni.

Mwishowe nilichagua tetea mwekundu, mzuri kuliko wote, nikapanda naye milimani peke yangu. Mama mkwe alinipokea mlangoni. Alimshika yule tetea kwa mikono miwili, akamgeuza, akamtazama chini ya mabawa, akasema ni kuku mzuri. Nikadhani yameisha. Kisha akaichukua ile zawadi yangu, akazunguka nayo nyuma ya nyumba, akaifunikia tenga kule migombani.

"Hana kitu, mwanangu," akaniambia aliporudi. "Anakaa kando kwanza."

Moshi wa chai ulikuwa unatoka jikoni, mahali ambapo wake wa wanawe wengine hukaa naye mafigani. Aliingia humo peke yake. Alipotoka alikuwa amebeba kigoda na kikombe, akaniwekea hapo hapo nje.