Nilikuwa Nikimvua Binti Yangu Mtandio Langoni mwa Shule

Bwana mwenye ukurasa huu, salamu. Jina langu lifiche na mtaa wangu usiutaje, kwa sababu baba watoto husoma gazeti hili akiwa safarini. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tano hivi, Mwislamu, nakaa hapa Nakuru. Nilisoma chuo cha Kurani tu. Hizi herufi za Kizungu nilifundishwa na binti yangu mwenyewe pale mezani jikoni, kwa hivyo mkiona makosa mnisamehe. Yeye hajui kama naandika.

Ana miaka kumi na tano, yuko darasa la nane. Shule ya Waislamu hapa inaishia darasa la nne, ndiyo maana tulimpeleka shule ya masista. Mambo yalikuwa mazuri mpaka alipovunja ungo mwaka jana. Baba yake, ambaye anaendesha lori la viazi kutoka Molo, akasema, "Sasa ni mtu mzima. Kutembea kichwa wazi basi." Na mimi niliona ni haki, ndivyo nilivyolelewa. Nikamnunulia mtandio mweupe, ufanane na shati la shule.

Siku ya kwanza tu akarudishwa. Nikaenda naye kwa Sista mkuu, Mzungu. Hata kiti hakunipa. "Mama, hapa hapana Mombasa," akaniambia. "Mimi hapana taka nguo ya kichwa kwa darasa. Nyumbani yako fanya kama unataka. Hapa atoe, ama akae na wewe apike." Nikakitazama kichwa chake yeye, kilivyofunikwa mpaka kwenye nyusi, kisha tukatoka.

Ningemwambia baba yake, shule ingekuwa imekwisha siku hiyo hiyo, alishaapa kwamba wakimvua mtandio anamtoa. Na mwalimu wa hesabu alishaniambia huyu mtihani wa mwisho atapita. Sikutaka akae jikoni kama mimi. Basi nikafanya langu.

Kila asubuhi namsindikiza. Tukifika langoni anainamisha kichwa, namvua mtandio, naukunja, nautia kifuani. Wakitoka niko pale tena, namfunga kabla hajakanyaga barabara. Mzee wa lango, mtu mcheshi wa huko magharibi, akanipa jina. "Mama Kitambaa! Leo umechelewa, duka halifunguliwi?" Nacheka tu. Baba yake akiuliza mbona mtoto mkubwa hivi anasindikizwa, namwambia ni hii Hali ya Hatari, askari wako kila mahali. Uongo huo nimeubeba mwaka na zaidi.

Wiki moja kabla shule haijafungwa, askari wakazunguka mtaa wetu mchana, wakitafuta waliokula kiapo cha watu wa msituni. Tukakalishwa chini juani, wanaume huku, wanawake huku, na mtandio uko kifuani mwangu. Akaletwa mtu wa gunia. Mnawajua, wale wanaovishwa gunia lenye matundu ya macho, wakitingisha kichwa mbele yako umeshikwa. Akafika kwangu akasimama. Wallahi sikuogopa kushikwa kama nilivyoogopa saa ya shule kutoka. Akapita.

Tulipoachiliwa jua limeshashuka. Nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikakatika. Mzee wa lango siku hiyo hakunitania. Alisema tu, "Mama, pita nyuma ya jiko."

Nikamkuta binti yangu amekaa juu ya kuni, amejifunika kichwa kwa gunia tupu la viazi. Kutoka kichwa wazi hakuweza, na mimi sikuja. Wasichana watano sita wamemzunguka wanacheka. "Mtu wa gunia, tutajie! Nani amekula kiapo hapa?" Mwingine anamsukuma, "Tingisha kichwa basi, tujue!" Sista amesimama mlangoni, anaona yote. Neno lake lilikuwa moja tu: "Wewe, toa hiyo uchafu."

Nilimpangusa vumbi kwenye nywele, nikamfunga mtandio. Hakulia. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Mama, mwaka mzima nilikuwa nasema Sista ananivua. Leo nimekaa pale nikafikiri. Sista hajawahi kunigusa. Mkono ni wako."

"Mwanangu, ni kwa ajili yako."

"Najua, mama. Lakini shule ikifunguliwa usije. Nitaingia na mtandio kichwani. Wakinifukuza nitarudi nyumbani, na Baba utamweleza wewe, tangu mwanzo."

Hakunipandishia sauti. Afadhali angenipandishia.

Sasa likizo inakwisha. Kila siku anafanya hesabu zake mezani kama mtu ambaye hana wasiwasi wowote, na mimi nikimwona hivyo natoka nje. Mtihani umebaki miezi mitatu tu. Nikienda nikamsihi langoni, labda atainamisha kichwa kama zamani, lakini najua atakavyoniangalia. Nisipokwenda, kabla ya saa nne atakuwa amerudi na vitabu vyake. Nikimwambia baba yake sasa, pengine atakwenda kuzungumza na Sista kama mwanamume, pengine atamtoa shule na mimi anirudishe kwetu. Mtu huyu simjui akikasirika kwa jambo kubwa, maana sijawahi kumficha jambo kubwa ila hili.

Mtandio nimeufua, uko kwenye kamba hapa mbele yangu. Akina mama wenzangu, na nyinyi akina baba mlio na mabinti, nijibuni hapa hapa kabla shule haijafunguliwa. Asubuhi ile akitoka mlangoni na vitabu vyake, nimfuate, au nibaki?