Kufunga Ukuta

Mhandisi aliyetuchorea nyumba aliniambia jambo moja kabla hajasafiri: "Dada, hakikisha ukuta wa mbao umefungwa kwenye chuma. Hasa kwenye pembe." Nikasema sawa. Sikuelewa. Ukuta mzito, umesimama juu ya boriti za chuma, unakwenda wapi?

Tulikuwa tunajenga Moshono, kwenye kiwanja walichotuachia wazazi. Chini vyumba vya tofali, juu yake boriti za chuma na sakafu ya mbao, kisha kuta za mbao za ghorofani ili nyumba isilemewe. Tangu tumzike mama, mwaka nilioacha shule, tulikuwa tukibanana chumba kimoja, mimi na wadogo zangu wawili. Sasa kila mmoja alishachagua dirisha lake huko juu. Walitaka kuhamia Jumamosi, na ruhusa ilikuwa yangu kutoa.

Nikapanda kwa seremala, mzee wa Kimeru.

"Shikamoo baba. Ukuta umefungwa?"

"Marahaba. Umefungwa wote. Hata panya hapenyi."

Nikashuka kwa fundi wa kuchomelea, naye nikamuuliza hivyo hivyo.

"Muulize mzee, dada. Mimi nafunga chuma kwa chuma. Mbao nikiigusa na moto, mtalala nje."

"Kwa hiyo nani kaufunga?"

"Si mzee!"

"Nimeufunga, ndiyo!" mzee akajibu kutoka juu, akipiga plaiwudi kwa kiganja. "Huoni ulivyozibwa?"

Nikabaki katikati ya ngazi. Mmoja alisema kufunga akimaanisha kuziba. Mwingine alisema kufunga akimaanisha kukaza. Mhandisi alimaanisha lipi? Nikampigia, hapatikani.

"Dada," fundi wa chuma akasema, "ukilisukuma kabati kwa juu, mguu wa upande wako unafanyaje?"

"Unainuka."

"Ndiyo ukuta huo. Upepo ukisukuma, pembe inainuka. Lazima ivutwe chini."

"Lakini kabati ni jepesi. Ukuta ni mzito."

Akakuna kichwa. "Hapo sijui. Wahandisi ndivyo wanavyosema."

"Tangu lini ukuta una miguu?" mzee akauliza.

Sikujua nimwamini nani. Nikasema, "Baba, fungua hiyo pembe."

"Nimefunga, unaniambia nifungue?"

"Fungua, ili ufunge."

Wakanicheka, nami nikacheka. Plaiwudi ikabanduliwa. Misumari ilikuwa imeshika mbao ya chini ya ukuta kwenye mbao za sakafu. Kwenye boriti iliyo chini yake, hakuna kitu. Mbao imeshika mbao, basi.

Wakakubaliana kuweka chuma cha pembe, kilichokunjwa kama herufi L, kwenye nguzo ya mbao ya kona ya ukuta, kisha bolti ndefu ipite sakafuni na kwenye boriti, ikazwe kwa nati kule chini. Mzee akatoboa mbao kutoka juu, fundi akatoboa chuma kutoka chini. Matundu hayakukutana.

"Mzee, uko wapi?"

"Niko hapa! Wewe ndiye umeenda Moshi!"

Jumamosi ilifika pembe moja tu ikiwa imekazwa. Wadogo zangu walikuwa tayari ngazini na magodoro.

"Dada, si unauona ukuta umesimama?" mdogo wangu wa kiume akasema.

"Nauona."

"Sasa tunasubiri nini?"

Nilitaka kumweleza habari ya kabati, lakini yenyewe ilikuwa bado inanichanganya.

"Bado haujafungwa," nikasema. Nikashika upande mmoja wa godoro, tukashuka nalo.