Taa za Nyuma za Gari la Baba

Fundi wa magari pale Shirimatunda alizunguka nyuma ya gari langu, akaniambia nikanyage breki. "Dada, ya kulia imefifia. Nikuwekee nyingine?" Nikamwambia weka. Nilikuwa napanda nyumbani Old Moshi na wanangu kula Krismasi, na nikiwa pale namtazama akichomoa balbu kuukuu, nikazikumbuka taa za baba.

Unatujua sisi Wachagga na Desemba. Aliyeko Dar, aliyeko Mwanza, lazima apande. Watoto tulikata majani ya ng'ombe, tukafagia uwanja, tukamenya ndizi za mtori mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Kazi zikiisha tulikimbilia ukingoni mwa barabara, chini kidogo ya geti letu, kumsubiri baba kutoka Dar. Kigiza kikiingia, taa za mbele zilitupiga machoni, hata rangi ya gari hatukuiona. Tulilitambua likishatupita, kwa nyuma.

La baba halikufanana na la mtu mwingine. Balbu ya nyuma huwa na nyuzi mbili ndani, mmoja hafifu wa kutembelea usiku, mwingine mkali wa breki. Baba, kwa ubahili wake, kushoto aliweka balbu ya uzi mmoja, ikawa inawaka kwa ukali muda wote. Basi gari lilipanda jicho moja limekodoa, jingine limesinzia. Akikanyaga breki getini, lile la kulia nalo linakolea, yanalingana. Hapo ndipo tulipopiga kelele, "Baba kafika!" Mama alimsema kila mwaka, naye alimjibu, "Kwani haiwaki, mke wangu?"

Nilipokuwa darasa la nne, majirani walikuja mapema na masufuria na viti, wanaume wakachinja. Tulifikiri ni Krismasi. Hakuna mkubwa aliyetuambia kitu, wakatuacha twende barabarani kama kawaida.

Likatupita gari lenye taa hafifu, zote sawasawa. Likafika getini, zote zikakolea kwa pamoja. Nikawaambia wadogo zangu si letu. Kumbe lilikuwa letu. Baba alikuwa amefariki Dar, na baba mdogo ndiye aliyeliendesha, ametangulia mbele ya jeneza. Alikuwa amebadilisha balbu ili trafiki wasiusimamishe msiba njiani.

Vilio vilianza getini, wadogo zangu wakakimbia kwenda kuona. Mimi sikuinuka. Bibi akanifuata. "Twende, mjukuu wangu. Gari la baba yako limeshafika." Nikamwambia silo, la baba kushoto linawaka sana. Bibi alikusanya kitenge chake, akakaa kando yangu kwenye majani, na magari ya watu wengine yakaendelea kutupita.

Ukingo ule haupo tena, ulichimbwa barabara ilipowekwa lami. Bibi tumemzika migombani, karibu na mwanawe. Siku hizi hakuna mtoto anayekaa barabarani, anapigiwa simu gari likiwa bado njiani, Himo.

Siku ile nilipotoka kwa fundi nilisimamisha gari mahali pale, nikashuka. Nilidhani nitalia. Sikuhisi kitu, ni baridi tu miguuni. Binti yangu akachungulia dirishani, akauliza, "Mama, tunamsubiri nani?"

Nikamwambia hatumsubiri mtu. Kisha nikaendelea kusimama pale, sijui kwa nini, mpaka gari lililokuwa nyuma yetu likatupigia honi.