Yai Badala ya Jicho

Moto ulipoteketeza safu ya nyumba chini ya mtaa wetu, mama yangu mdogo alikwenda soko la Nyawera akanunua dumu la dawa ya kupaka mbao zisishike moto. Nyumba yake ni ya mbao, imebanana na za majirani mteremkoni, na mjukuu wake mchanga alilala chumba cha nyuma, mbali na mlango. Dumu halikuwa na maandishi. Muuzaji alisema haidhuru mtu. Mimi nimesomea kemia, au shimi kama asemavyo mama mdogo, sikumwamini.

Tuliijaribu kwanza kwenye kipande cha ubao. Mwali wa kiberiti uligusa ubao, ukajikunja kando kana kwamba umesukumwa, ukafa. Mama mdogo alifanya ishara ya msalaba.

Kisha nililoweka kitambaa katika dawa, nikakifunga upande wa ndani wa mkono wangu hadi kesho yake. Ngozi haikuwasha wala kuwa nyekundu.

"Si unaona?" alisema mama mdogo. "Mukono yako iko muzuri. Nini tena, mutu wa shimi?"

"Ngozi si jicho, mama mudogo."

"Basi weka mu jicho yako, tuone."

Sikuweka. Nilimwomba mayai mawili ya kuku wake aliyekuwa ameatamia. Chuoni tulifundishwa kwamba kifaranga kikianza kuumbika, ndani ya yai huwa na utando wenye mishipa ya damu, na kinachoudhuru utando huo aghalabu hudhuru jicho.

"Mie niko hapa, unaenda kuuliza yayi," alisema.

Mayai yalihitaji kuatamiwa zaidi, kwa hiyo nilirudi wiki iliyofuata. Nilikaa jikoni peke yangu, mvua ikipiga mabati, nikabandua ganda la yai la kwanza upande butu. Mishipa ilikuwa imesambaa kama mizizi, na katikati kitu kidogo kilidunda. Nilidondosha maji ya chumvi, ya kulinganishia. Hakuna kilichobadilika. Katika la pili nikadondosha dawa. Mishipa ilitulia, kisha ikaanza kupotea mmoja mmoja, kama umeme unavyokatika mtaa kwa mtaa, halafu damu ikavuja. Pembeni palikuwa na doa jeusi, jicho la kifaranga, limenielekea. Nilijua haliwezi kuona. Hata hivyo nililifunika kwa kiganja.

Nilimkuta mama mdogo chumba cha nyuma. Kuta zote zilikuwa zimepakwa, na zilipokauka zilitoa unga mweupe, ulioshuka polepole juu ya kitanda. Mtoto hakulia. Alikuwa anasugua macho kwa ngumi, taratibu, bila kuacha.

"Niliona mukono yako," alisema. "Nikapaka."

"Yai limetoka damu."

Alipangusa unga kitandani. "Sasa nichague nini? Aungue, ao asione?"

Yai moja halithibitishi kitu, na nilitaka kumwambia hivyo. Badala yake nilimwinua mtoto, nikamweka mikononi mwake. Tulimwosha macho kwa maji safi, tukahamishia kitanda chake karibu na mlango wa mbele, kisha tukafuta kuta kwa vitambaa vibichi hadi mbao zikarudia rangi yake, tayari tena kuungua.

Jioni umeme haukuwepo. Mama mdogo aliwasha mshumaa, akausogeza kushoto mbele ya uso wa mtoto, kisha kulia. Macho yaliufuata. Akarudia, akarudia tena, nta ikimdondokea vidoleni, na hakuna aliyemwambia aache.