Shemeji Aling'oa Miguu ya Ndege Yetu

Ukifungua banda lako asubuhi, ukakuta ndege uliyoiunda kwa mikono yako kwa miaka imelala kwa tumbo, miguu haipo, utamshuku nani?

Mimi sikuhitaji kufikiri. Funguo za banda lile ziko mbili tu. Mmoja ninao mimi. Mwingine anao Orrin, shemeji yangu ninayeiunda naye, kaka wa mke wangu Arlys.

Ilikuwa Januari, huku kwetu Wisconsin, theluji imepanda hadi madirishani. Nimesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, natazama tu.

Mwili wa ndege umelazwa juu ya matairi makuukuu ya trekta. Miguu ya chuma inayobeba magurudumu, haipo. Kigurudumu cha mkiani, hakipo. Hata reli za kioo cha juu, kile kinachofunika viti, zimefunguliwa.

Nikampigia Orrin. Hapokei.

Ngoja niwaeleze kidogo, msije mkanipotea.

Hizi ndege ndogo za kujiundia zina kambi mbili. Kuna zinazokaa pua juu, kigurudumu kiko mkiani. Ikigusa ardhi lazima ucheze pedeli kwa miguu, upesi upesi, la sivyo mkia unakupita mbele na umekwisha. Kuna na zenye gurudumu puani. Hizo zinajinyoosha zenyewe. Vijiweni zinachekwa, eti baiskeli za watoto.

Sisi tulichagua ya mkiani. Na kioo tukachagua kinachoteleza nyuma kwenye reli, ili ukitembea nayo ardhini upepo ukupige usoni. Tulikubaliana mezani, soseji na bia zikiwa katikati. Hakuna aliyebisha.

Halafu ilipofika Oktoba, Orrin akaanza.

"Verlin, hivi hatuwezi kulifikiria tena lile gurudumu la puani?"

"Umezeeka, shemeji."

Siku nyingine tena. "Na kioo, tuweke kile kinachofunguka kwenda mbele, kama boneti ya gari."

"Kwa hiyo tunamuundia daktari wa meno mwenye hela, aje anunue?"

Nikajiridhisha kwamba jamaa anataka kuiuza. Alipolirudia mara ya tatu, nikamwambia mada imefungwa.

Sasa hii.

Sikutulia asubuhi ile. Nikaizunguka ndege. Nikakaza bolti ambayo ilikuwa imekazwa tayari. Nikazima hita, nikaiwasha, nikaizima. Mwisho nikarudi ndani, nikamkuta Arlys anakaanga mayai.

"Kaka yako kaniibia."

"Hajaiba," akasema, macho kwenye kikaango.

"Wewe umejuaje?"

Akageuza yai.

Mke wangu alikuwa anajua jambo. Nikachukua koti, nikaingia garini bila kula.

Orrin nilimkuta kwenye karakana yake, amekaa, kama vile ananisubiri.

"Miguu iko wapi?"

"Imeenda Iowa. Kuna jamaa tumebadilishana, kanipa ya gurudumu la puani."

"Nani kakuruhusu?"

"Kaa kwanza."

"Sikai."

"Kaa, shemeji. Ukishakaa, kama bado unataka kunipiga, nipige."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kisigino kibaki chini," akasema. "Inua vidole vya mguu wa kulia."

Nikainua. Nikamtazama kama namtazama mwendawazimu.

"Sasa wa kushoto."

Nikainua. Yaani, nilidhani nimeinua. Kiatu kilikuwa pale pale sakafuni, kama cha mtu mwingine.

Nikajaribu tena. Wapi.

"Ganzi hiyo," nikasema. "Baridi ya leo mbaya."

"Verlin, mguu huo unauburuza tangu wakati wa mavuno. Kila ukija hapa unajikwaa kwenye ngazi yangu. Dada anasema ndani unatembea kama mtu aliyevaa kandambili moja. Ukicheza pedeli na huo mguu, utajiua. Halafu mimi nibaki na dada yangu, ananitazama kila Krismasi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia mara tatu."

"Umesema gurudumu. Hukusema mguu."

Akainama, akaanza kufuta bisibisi ambayo haikuwa na uchafu. "Sikuweza kusema mguu," akasema.

Sikumpiga. Nikamuuliza habari za kioo, maana sikujua niulize nini kingine.

"Kile cha kuteleza kina upinde wa chuma, mpaka unyanyue mguu juu uuruke. Hiki kinafunguka chote mbele. Unakaa bawani, unageuza miguu, umeshaingia."

Hospitali walikuta mshipa wa fahamu umebanwa kiunoni. Walisema ningechelewa kidogo, mguu usingerudi kabisa. Nikapasuliwa. Nguvu imerudi nusu. Kibali cha kurusha bado sijarudishiwa.

Ndege tukaimalizia hivyo hivyo, gurudumu puani, kioo cha boneti. Nilikuwa nafanya kazi nimenuna, lakini nafanya.

Kiangazi cha mwaka uliofuata Orrin alikuwa ameshairusha peke yake saa zote zinazotakiwa kisheria kabla ya kubeba mtu. Siku hiyo nikapanda naye. Nilikaa bawani, nikageuza miguu, nikaingia.

Juu kulikuwa kuzuri, siwezi kusimulia. Shida ilikuja wakati wa kutua.

Upepo ukatupiga ubavuni tukiwa karibu kabisa na ardhi. Orrin akagusa chini ndege ikiwa imekaa upande. Matairi yakalia, nikaona nyasi zinatujia. Kisha gurudumu la puani likashika lami, ndege ikajinyoosha yenyewe, ikatulia kama hakuna kilichotokea.

Tukaegesha. Kioo tukakiinua. Hakuna aliyeshuka.

"Ingekuwa ya mkiani," nikasema, "sasa hivi tungekuwa chali."

"Najua."

Akafungua mkanda. "Nikuambie kitu? Mimi za mkiani naziogopa tangu ujana. Moja niliipindua mwalimu akiwa pembeni yangu."

"Sasa ulikubali ya nini?"

"Si wewe uliyeitaka."

Nikageuka nikamtazama vizuri.

"Mimi? Orrin, mimi nilikubali kwa sababu nilidhani wewe ndiye unayeitaka. Hata mimi naziogopa, ila uliposema tubadili nikaona haya kukubali."

Miaka yote ile. Watu wazima wawili, familia moja, tunakula meza moja, tunaunda ndege ambayo kila mmoja wetu alikuwa anaiogopa, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana mwoga mbele ya mwenzake.

Kwa hiyo wewe unayejenga kitu na mtu, iwe nyumba, iwe biashara, iwe ndoa, muulize leo, na usiulize kwa utani: hiki unakitaka wewe, au unanifuata mimi? Na kama unaogopa, sema naogopa.

Sisi ilibidi mguu wangu ufe ndipo tukaambiana ukweli.