Mama Miguu na Shemeji Aliyetua Kama Unyoya

Karakanani walimwita Mama Miguu, kwani kwa miaka kumi na tisa alishughulika na miguu ya ndege tu: magurudumu, breki na yale mabomba manene yanayobeba uzito wote ndege inapogusa ardhi. Injini aliwaachia wapenda sifa.

Mchana mmoja wa mvua, ndege ya abiria thelathini ilitua kwa kishindo hata vikombe vya chai vikacheza mezani. Rubani alikuwa mdogo wa mumewe, mtu wa kuvaa miwani myeusi hata jua likiwa limesusa. Akaingia karakanani akipiga mluzi, ndege ikivutwa nyuma yake.

"Shemeji, umetua au umeanguka?"

"Nimetua kama unyoya. Kwenye kitabu cha ndege nimeandika hakuna tatizo."

Mama Miguu hakubisha. Alichuchumaa penye mguu wa kushoto, akamwonyesha chuma king'aacho kinachozama ndani ya bomba ndege inapotua.

"Humu mna mafuta na gesi. Gurudumu likigonga, gesi hubanwa na mafuta hupenya kwenye tundu dogo, kwa hiyo kishindo humezwa kidogo kidogo. Leo umeulisha tonge zima bila kutafuna. Ona vumbi la chuma hiki lilivyosukumwa hadi chini kabisa: kimezama chote."

"Vumbi si shahidi."

"Basi tumwite mwenye mdomo."

Mlangoni alisimama mama mkwe wake, mzazi wa rubani, aliyeshuka kwenye ndege hiyo hiyo na sasa akingoja kupelekwa nyumbani na mkwewe.

"Mama, safari ilikuwaje?"

"Nzuri," alijibu bibi kizee. "Ila meno yangu nimeyaokota chini ya kiti cha mbele."

Rubani alivua miwani. Alikwenda kukichukua kitabu, akakata mstari wa awali, akaandika: nimetua kwa nguvu. Ndege ikapandishwa jeki. Walipoufungua ule mguu, walikuta mpira wa kuzuia mafuta umechanika, na mafuta yameanza kuchuruzika.

"Na jioni nilikuwa nairusha tena," alisema rubani, sauti imemshuka. Akakunja mikono ya shati lake jeupe, akashika tochi na kupitisha spana mpaka kazi ikaisha. Shemeji yake alimtuma spana ile ile mara tatu, kwa makusudi.

Mama mkwe, aliyekuwa amepewa kigoda, aliuliza ni mguu upi ulioumia. Alipoonyeshwa, akausogelea na kuupapasa.

"Pole, baba," akauambia mguu.

Mwanawe hakuambulia hata neno.